Stima Ilipopotea, Wayua Akingoja Kupasuliwa

Asubuhi hiyo hapa Kambu nilikuwa uani nikipepeta ndengu. Wayua, mke wa mwanangu, alikuwa akiosha vikombe. Ghafla akashika ukuta, akaniita, "Mwaitu," yaani mama. Uchungu ulikuwa umeanza. Mimi Kalondu si mtu wa kungoja. Niliwaachia kuku zile ndengu, nikamwita mwanangu Musyimi, na jirani yetu Kimeu akatupeleka hospitali kwa gari lake.

Nesi wa hapo, Sista Nzilani, alimpima Wayua. Akatuambia mtoto amelala kwa ubavu, hawezi kupita njia ya kawaida. Moyo wa mtoto pia ulikuwa umeanza kuchoka. Lazima mama apasuliwe sasa hivi. Wayua alikubali, akaweka sahihi.

Wayua akasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Hapo ndipo stima ikapotea. Korido yote ikawa giza.

Musyimi akawa haketi wala hasimami. Yeye ana bucha kando ya barabara kuu, na bucha ina balbu moja kubwa. Stima ikipotea hakati nyama, maana alishawahi kujikata kidole. Sasa angekubali vipi mkewe akatwe gizani? Akashikilia kitanda cha Wayua, akasema twende Nairobi. Mimi nami nilikuwa nikizunguka na leso mkononi, roho juu juu. Nikamwambia kama ni kwenda, twende, na kama ni kukaa, tukae. Kule kusimama mlangoni kulikuwa kunanimaliza.

Sista hakukasirika. Alieleza kwamba taa ya chumba cha upasuaji ina betri yake, na betri hukaa imechajiwa. Stima ikipotea, betri inashika papo hapo, jenereta inafuata. Tena wao huijaribu taa hiyo kabla ya kuanza kazi.

Musyimi bado hakutulia. Akasema hata balbu yake ya bucha ni kali, lakini akiinama, kivuli cha mkono wake kinafunika nyama. Na daktari je?

"Hebu toeni simu zenu," sista akasema.

Akawasha tochi ya simu yake juu ya benchi, akaweka mkono chini ya mwanga. Kivuli cheusi kikaonekana kwenye benchi. Akaniambia niwashe yangu upande huu, Musyimi naye upande ule. Kivuli kikafifia, kikabaki kidogo tu.

"Mmeona? Taa yetu si balbu moja. Ni balbu ndogo nyingi, na mwanga unatoka pande nyingi. Mkono wa daktari ukizuia moja, nyingine zinaangaza. Na haina joto kali la kukausha kidonda."

"Na tukienda Nairobi?" Musyimi akauliza.

"Nairobi ni mbali, na mtoto hana huo muda. Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba."

Wayua alikuwa kitandani akisikia yote. Alimvuta mumewe shati.

"Musyimi, mimi ndiye niko na uchungu. Niache niingie."

Musyimi akaachilia kitanda. Sista akamsukuma Wayua ndani, mlango ukafungwa.

Jenereta ikaanza kunguruma nyuma ya jengo. Baada ya muda ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Jamani, niliogopa. Musyimi akaruka kuelekea mlangoni. Nikamshika mkanda wa suruali kwa nguvu zangu zote, nikamwambia atazame chini.

Chini ya mlango kulikuwa na mstari wa mwanga. Mweupe, umetulia, hautetemeki hata kidogo. Tulisimama tukiutazama, mimi nikiomba Mungu, yeye akitokwa na jasho.

Halafu mtoto akalia.

Musyimi akaketi sakafuni, akalia naye. Mimi nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuniambia kuna wagonjwa. Baadaye sista alitoka akivua glavu.

"Ni msichana. Wote wawili wako sawa," akasema. "Wayua anauliza kama mmekula."

Stima ilikuwa bado haijarudi.