Kioo Kinacholia Tu

"Mama Weldon, hiyo taa ya pikipiki mnaosha na nini?"

Ndivyo jirani yangu Mwihaki alivyoniuliza siku moja, ameegemea ua wetu. Mwihaki huuza spea pale Sotik.

"Na petroli," nikamjibu. "Hata marehemu mzee wangu aliiosha hivyo."

Mwanangu Weldon alikuwa akifunga mitungi ya maziwa kwenye pikipiki ya baba yake. Akacheka. "Huyu anatafuta kuuza, Mama. Kioo ni kioo."

Kioo cha zamani cha taa hiyo kilikuwa kimevunjwa na jiwe. Weldon akaweka kingine. Kila jioni alikipangusa kwa kitambaa chenye petroli, kama baba yake.

Miezi ikapita. Kioo kikaota nyuzi nyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Zikapishana kama utando wa buibui. Asubuhi taa ikiwashwa, mwanga haukwenda mbele. Ulichanua papo hapo kwenye ukungu, kama ua jeupe. Nilisimama mlangoni nikiomba, nikauona mzuri. Nilifikiri ndivyo wachungaji wa kondoo walivyomwona malaika.

Asubuhi moja ukungu ulijaa mashamba mpaka michai ikaonekana inaelea. Chelangat, mke wa Weldon, alitangulia kwenda kuchuna chai, kikapu mgongoni. Weldon akafuata na maziwa.

Nikasikia breki. Kisha mtungi ukibingirika. Kisha kimya.

Nilikimbia bila viatu. Nilimkuta Chelangat katikati ya michai alikorukia, amelowa umande na maziwa. Mungu ni mwema, hakuumia.

"Hukuniona?" alimuuliza mumewe.

"Niliona weupe tu," Weldon akasema. "Weupe mtupu."

"Na tangu lini mimi nikawa mweupe?"

Mwihaki naye alikuwa amesikia kelele, akaja. Aliinama mbele ya taa, akaigonga kwa ukucha.

"Sikieni. Kioo hulia ting. Hiki kinalia tu, sauti butu. Hii ni plastiki. Sote tunaiita kioo, ndiyo maana mnaiosha kama kioo. Petroli inaidhoofisha, inapasuka pasuka hivi. Na mwanga ukifika kwenye nyufa, unatawanyika."

"Nikisugua hazitatoka?"

"Ziko ndani, Weldon. Badilisha tu. Halafu uoshe kwa maji mengi kwanza, mchanga uondoke. Kisha sabuni kidogo na kitambaa laini. Usipanguse vumbi kavu. Petroli na mafuta taa weka mbali. Na usitie balbu kali kuliko ile inayotakiwa, joto lake pia linaharibu."

"Lakini baba aliosha na..."

"Baba yako alikuwa na kioo," Mwihaki akasema polepole.

Siku hiyo hiyo Weldon akaweka taa mpya.

Kesho yake ukungu ulirudi. Nilisimama mlangoni kama kawaida. Safari hii mwanga haukuchanua. Ulipita juu ya barabara, ukapita michai, ukafika kwenye kona ya mwisho. Huko mbali, kidogo kama ndoto, nikamwona Chelangat ameinua mkono. Weldon akapunguza mwendo, akampita taratibu.

Jumamosi jioni niliwakuta wote wawili jikoni. Weldon alikuwa ameshika kitambaa kile cha zamani na chupa ya petroli. Mazoea. Chelangat alikuwa akichambua mboga. Hakuinua macho. Aligonga meza kwa ukucha: tu, tu.

Weldon akaweka chupa chini. Akachukua beseni la maji na kipande cha sabuni, akatoka kwenda kuosha taa.