Uso wa Bibi Mwanasha

Moshi ukionekana asubuhi nyuma ya nyumba ya Mama Huruma pale Chilangala, majirani hawaulizi. Dorika, mama yake Huruma, anakaanga korosho. Korosho zake ni tamu. Hata mtu aliyeshiba hawezi kuzipita bila kuonja. Zamani alizipeleka stendi ya Newala kwenye sahani, hazina jina. Mwaka huu aliamua kuzitia kwenye paketi zenye lebo.

Kijana wa steshenari alimuuliza, "Mama, unataka picha gani?"

"Yoyote nzuri."

Kijana akaperuzi mtandaoni. Akampata bibi mmoja anacheka, ameshika ungo wa korosho. Kuuliza si ujinga, lakini Dorika hakuuliza picha ile ni ya nani. Lebo zikachapwa, na namba ya simu ya Dorika chini yake. Watu wakazipenda paketi zile, na hata duka moja la Masasi likaziagiza.

Kisha simu ikaita.

"Shikamoo, mama. Mimi naitwa Faruku, mpiga picha wa Masasi. Hiyo picha kwenye paketi zako ni yangu. Nani alikupa ruhusa? Usipoiondoa, tutaonana mahakamani."

Dorika akaketi chini. "Nnungu wangu!" alisema, akimwita Mungu kwa Kimakonde. "Baba Huruma, mimi nitapelekwa mahakamani?"

Mumewe, Optatus, ni mwepesi wa kutoa hukumu asizozisomea. Alicheka. "Achana naye. Mambo ya mtandaoni ni ya watu wote, kama maji ya mtoni."

Dorika hakuridhika. Usiku ule hakula. Aliogopa mahakama, na zaidi aliogopa kuitwa mwizi. Kesho yake akamvuta mumewe hadi Newala, kwa afisa biashara, Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani aliitazama lebo, akauliza, "Mama Huruma, shamba la jirani liko kando ya barabara. Halina uzio, korosho zimeanguka chini. Ukiokota ndoo nzima, utasema hazina mwenyewe?"

"Hapana! Huo ni wizi."

"Na picha ni hivyo hivyo. Kuiona mtandaoni si kupewa. Sheria ya hakimiliki inamlinda aliyeitengeneza, tangu alipoitengeneza. Iwe picha, wimbo, kinyago au hadithi."

Optatus akakohoa, akaangalia dari.

"Lakini mimi sikujua," alisema Dorika.

"Naamini. Ila kutojua hakufuti kosa. Acha kuuza paketi zenye picha hiyo. Nenda kwa mwenyewe, umwombe radhi. Mkielewana, andikeni mkataba. Andikeni ni picha gani, itatumika wapi, kwa muda gani na kwa malipo gani. Kisha wote mtie saini."

"Na jina la korosho zangu je? Mbona leseni ninayo?"

"Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara. Haikupi umiliki wa jina. Jina na alama ya bidhaa husajiliwa BRELA, kwenye ofisi ya usajili wa biashara. Ukiwa tayari njoo, nitakuelekeza."

Wakapanda basi kwenda Masasi. Dukani Dorika alizibandua lebo zote kwa kucha zake mwenyewe. Ndipo wakaenda studio ya Faruku.

Faruku aliwaamkia vizuri, lakini hakutabasamu. Alionyesha lebo kwa kidole. "Mnamjua huyu? Ni Bibi Mwanasha. Ndiye aliyenilea. Alifariki mwaka jana. Juzi nimeuona uso wake pale stendi, uko chini, watu wanaukanyaga."

Dorika machozi yakamtoka. "Nisamehe, mwanangu. Mimi nilidhani ni picha tu." Akampa lebo zote zilizobaki.

Faruku alizipokea kwa mikono miwili. "Kesi sitaki, mama. Nilitaka bibi yangu arudi nyumbani. Lakini picha hii siiuzi."

Hapo Dorika akapumua. Alihisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Alipokuwa akifuta machozi, Faruku aliitazama mikono yake.

"Mama, nikupige picha nyingine. Ya mikono hiyo."

"Mikono hii mibaya? Huoni ilivyoungua kwa mafuta ya maganda ya korosho?"

"Si ndiyo inayobangua!" alisema Optatus, na safari hii alisema kweli.

Picha ikapigwa, mkataba ukaandikwa, ukasomwa kwa sauti, ukatiwa saini. Bi Sikudhani naye akamsaidia Dorika kupeleka maombi BRELA, na baadaye alama yake ikasajiliwa. Duka la Masasi likaagiza tena. Sasa Dorika anakula na kushiba, na simu ikiita hashtuki.

Juzi simu iliita tena. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Tandahimba. "Mama Huruma, tunaiomba ile picha ya mikono yako. Tunataka kuiweka kwenye tangazo letu."

Dorika alicheka mpaka majirani wakasikia. "Umefanya vizuri kuuliza, dada. Mikono ni yangu, lakini picha ni ya Faruku. Chukua kalamu nikupe namba yake."