Bolti ya Kitinda

Siku ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Fundi, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alikunywa chai yake akiwa amesimama, akavaa ovaroli, akafungua gereji iliyo ubavuni mwa nyumba yao. Alivuta turubai lililokuwa pembeni. Chini yake ilikuwepo pikipiki ya mdogo wake, ambayo haikuguswa na mkono wa mtu kwa miezi kumi na minne.

Kwa kweli ilikuwa chuma chakavu. Rimu ya mbele imepinda, tenki limebonyea upande mmoja, kabureta imejaa matope makavu ya mtaroni. Fundi aligeuza ndoo akaikalia, akaitazama kitambo. Kisha akachukua spana akaanza kufungua nati moja moja, akizipanga kwenye sahani ya bati kwa mpangilio aliozoea.

Yule mdogo wake alikuwa mtoto wa mwisho, na mtaa mzima ulimwita Kitinda. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate madukani kwa pikipiki hiyo. Asubuhi moja ya mvua, lori lilimkuta kwenye njia panda. Siku hiyo hiyo mama yao alikuwa kitandani hospitalini, anaugua moyo, na daktari alikuwa amewaonya: huyu mzee asishtuliwe kwa lolote. Basi Fundi, kwa kuwa ndiye mkubwa, akakata shauri. Wafunike kombe mwanaharamu apite. Wakamzika Kitinda mama yake hayupo.

Mama aliporudi nyumbani akaambiwa mwanawe amepata kazi ya barabara huko mbali, simu hazishiki. Hata jirani mmoja tuliyemwita Redio, mama ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na breki, siri hiyo aliitunza. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, lakini Fundi aliitembea hiyo njia mwaka mzima na zaidi.

Iliwezekana kwa sababu mama hakuwa anaona. Macho yake yalikwisha kitambo, naye alimjua kila mtu kwa mlio wake. Kitinda alimjua kwa pikipiki. Saa kumi na mbili jioni ilikuwa ikinguruma kutoka konani, ikifika getini inavutwa mafuta mara mbili, vruum, vruum, ndipo inazimwa. Na juu ya mlio huo kulikuwa na bati la kuzuia joto la eksozi, ambalo bolti yake ilikuwa imelegea, likilia che-che-che-che mpaka sufuria za jikoni zinaitika.

"Wewe mtoto, hilo bati litanitoa masikio!" mama alikuwa akipiga kelele kutoka dirishani.

"Nitalikaza kesho, mama."

Kesho hiyo ilidumu miaka sita. Sasa mama alikuwa amedhoofika, pumzi anaivuta kwa mafungu, na bado kila jioni alitaka kiti chake kisogezwe dirishani. Wiki ile alikuwa amemshika Fundi mkono. "Laiti ningesikia pikipiki ya mwanangu kabla sijafumba macho," alisema, halafu akacheka kidogo. "Ingawa macho yenyewe yalishajifumba." Fundi alitoka nje akasimama ukutani kama mtu aliyepigwa. Kesho yake ndiyo Jumamosi ile alipovuta turubai.

Dada yao, mshonaji, ndiye aliyekuwa akimuuguza mama. Alikuja mpaka mlango wa gereji, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Kaka, mwambie mama ukweli."

"Nimuue kwa mdomo wangu mwenyewe?"

"Kwani sasa anaishi? Anangoja tu."

Fundi aliendelea kupiga msasa.

Kazi ilimchukua wiki tatu. Alinyoosha miguu ya mbele, akabadilisha rimu, akagonga tenki kwa ndani mpaka likarudi. Yote hayo ni kazi ya mikono, na mikono alikuwa nayo. Shida ilikuwa sauti. Pikipiki moja ikirekebishwa na mafundi wawili hulia milio miwili, na Kitinda aliirekebisha yake kwa kichaa chake mwenyewe: mafuta mengi kupita kiasi, hewa kidogo, hivi kwamba ikinguruma imesimama ilikuwa kama inakohoa kabla ya kila pumzi. Fundi alikaa na bisibisi kwenye skrubu ya hewa, akizungusha robo mzunguko, anafumba macho, anasikiliza. Hapana. Robo nyingine. Hapana. Alasiri ya siku ya ishirini na moja, robo moja ndogo kuliko zote, na injini ikakohoa.

Ndiyo hiyo. Nywele za shingo zilimsimama. Alijikuta amegeuka kutazama mlango, kama mtu aliyeitwa.

Ile bolti ya bati ilikuwa imepotea kwenye ajali, akatia mpya. Akaikaza barabara. Alijiambia kwamba hili angalau atamfanyia mama kwa niaba ya mdogo wake, akae asikie mlio mtupu bila kelele. Akafunga gereji, ufunguo akauvaa shingoni.

Asubuhi, bolti ilikuwa juu ya kiti cha pikipiki.

Fundi alilaumu mtikisiko, ingawa pikipiki ilikuwa imelala imezimwa. Akaikaza tena, akaongeza washa ya springi, kile kipete kinachozuia bolti kulegea. Asubuhi bolti iko juu ya kiti, na washa yake kando. Siku ya tatu akatia gundi ya nati, ile ambayo ikishika unaitoa kwa moto. Asubuhi bolti iko pale pale, katikati ya kiti, imesimama kwa kichwa. Nyuzi zake zilikuwa safi. Gundi haikuonekana popote.

Hakumwambia mtu. Aliirudisha kwa vidole tu, akaiacha legelege. Tangu hapo haikutoka.

Jioni ya Jumapili aliisukuma pikipiki kupitia nyuma ya nyumba mpaka konani. Walikuwa wamekubaliana, au tuseme yeye alimlazimisha dada yake: Fundi atakuja akiingurumisha, atazima getini, dada atasema Kitinda amepita mbio na gari la kazi linamngoja. Mama atakuwa amesikia. Basi.

Akapiga kiki. Ikawaka kwa mara ya kwanza. Alikuja nayo polepole, che-che-che-che, watoto wa jirani wakaacha mpira, Redio akatoka na mwiko mkononi, mdomo wazi. Getini Fundi alivuta mafuta mara mbili. Akazima. Akashuka, akakanyaga ua kwa ncha za vidole, akasimama kwenye mlango wa sebule ili aone uso wa mama mara moja tu.

Mama alikuwa amegeukia mlango. Anatabasamu.

"Ingieni basi," akasema. "Mbona mmesimama wawili hapo mlangoni?"

Dada alimtazama Fundi. Fundi alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Mama," dada akanong'ona, "ni kaka peke yake."

Mama hakumsikiliza. Alinyoosha mkono, lakini hakuunyoosha kwa Fundi. Aliunyoosha kando yake, juu kidogo, kwa mtu mrefu zaidi. Kitinda alikuwa amemzidi kaka yake kichwa kizima. Vidole vya mama vilifika hewani vikatulia. Vikapapasa. Vikashuka taratibu kama vinafuata shavu.

"Baridi hivi, mwanangu?" alisema. Kisha akasugua vidole vyake pamoja. "Na huu udongo kwenye nywele?"

Fundi alirudi getini, akaisukuma pikipiki mpaka gereji, akafungua plagi yake ikiwa bado ya moto, akaitia mfukoni. Pikipiki bila plagi ni kitanda tu. Akamwaga na petroli yote. Akafunga mlango, akatia kufuli ya pili.

Kesho yake wakala chakula cha mchana, mama hakuonja. Saa kumi na mbili kasoro, Fundi na dada yake walikuwa wameketi sebuleni, jua bado liko ukutani. Mama aliinua kichwa.

Ndipo wote watatu wakasikia.

Mlio ulitoka konani. Ulikohoa. Ukaja. Che-che-che-che. Ukapita dirishani, na dirishani hapakupita kitu. Ukafika getini.

Vruum.

Vruum.

Kimya.

Fundi alitia mkono mfukoni. Plagi ilikuwemo. Alikimbilia gereji, akafungua kufuli mbili, akaikuta pikipiki imesimama pale alipoiacha. Akagusa eksozi. Ngozi ya kiganja ikabaki kwenye bati.

Akarudi sebuleni ameshika kiganja. Dada yake alikuwa amejikunja kwenye kona, leso mdomoni. Mama alikuwa ameinamisha sikio upande wa kushoto, akiitikia kwa kichwa, kama unavyomsikiliza mtu anayenong'ona.

"Mkubwa wangu," mama akamwita Fundi. "Mwenzako anasema humsikii. Anasema umwambie mama."

"Nimwambie nini?"

"Hasemi. Anasema ni lako, useme wewe."

Fundi alipiga magoti. Mtu mzima, mvi kichwani, ovaroli imejaa grisi. Alisema kwa sauti ndogo kuliko ya mtoto. Alisema lori. Alisema mvua. Alisema siku, na mahali walipomlaza, na nani alimwosha. Alisema ni yeye aliyeamua, wengine wasilaumiwe. Alipomaliza alingoja moyo wa mama usimame.

Haukusimama.

"Nilijua," mama akasema. "Tangu jana nilipomshika. Na kabla ya jana nilijua nusu. Mtu hafanyi kazi ya barabara mwaka mzima asimtumie mamaye hata salamu."

"Nisamehe, mama. Niliogopa utakufa."

"Ningekufa, ningekufa. Kufa ni kazi yangu, si yako." Akageuza uso dirishani. "Lakini umeninyima kumlilia mwanangu. Miezi kumi na minne nakaa dirishani nacheka peke yangu, wenzangu wote wanajua ninayemngoja hayupo. Nilikuzaa wewe wa kwanza. Hukuweza kunipa hata kilio?"

Hapo ndipo alipolia. Sijui niielezeje sauti hiyo. Sisi tunaokaa nyumba ya tatu kutoka kwao tuliisikia, tukaweka vijiko chini. Redio alikuja bila kubisha hodi, akaketi sakafuni akalia naye, wakaja na wengine, na nyumba ile ikawa na msiba ambao ilikuwa inadaiwa muda wote huo. Fundi naye, ambaye hakudondosha chozi makaburini kwa sababu alikuwa anapanga atakavyodanganya, alilia mpaka akatapika.

Watu walipotawanyika, mama alimgusa kichwani. Hasira ilikuwa imemtoka, amebaki na uchovu.

"Kesho unipeleke nikamwone alipolala."

"Kesho asubuhi, mama. Nitakodi gari."

"Gari la nini? Pikipiki ipo," akasema, akajilaza.

Alfajiri dada alipompelekea uji alimkuta amekwenda. Uso umetulia. Amelala juu ya shuka, si ndani yake, amevaa gauni lake la kutokea, na kitambaa cha kichwa amekifunga kwa fundo maradufu, kama alivyokuwa akikifunga zamani Kitinda alipompakia, ili upepo usikichukue. Dada aliapa kwamba hakumvalisha yeye. Na mama hakuwa na nguvu ya kufunga hata kifungo.

Tulimzika siku hiyo hiyo, kando ya mwanawe. Fundi alirudi jioni, akaingia gereji peke yake. Kufuli zote mbili alizikuta zimefungwa.

Pikipiki ilikuwa mahali pake. Lakini vikanyagio vya abiria, ambavyo alikuwa amevikunja kwa mkono wake, vilikuwa vimeshushwa, kimoja kila upande, tayari kwa miguu ya mtu. Kwenye vyote viwili kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Udongo wa kwetu ni mweusi. Mwekundu uko makaburini tu.

Alichuchumaa karibu na eksozi. Akaligusa lile bati kwa kiganja kilichofungwa bandeji. Halikucheza. Akachukua spana namba kumi, akaivalisha kichwani mwa bolti, akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu ukutani akavuta kwa uzito wake wote mpaka spana ikateleza, ikamchana vidole. Bolti haikutikisika hata unywele. Mtu alikuwa ameikaza, na ameikaza hasa; ile kesho ya miaka sita ilikuwa imefika.

"Umenisikia, mdogo wangu?" Fundi alinong'ona. "Na mimi je, utanisamehe?"

Alirudisha plagi. Akatia petroli. Akapiga kiki mpaka giza likaingia, na kesho yake, na keshokutwa. Plagi inatoa cheche, kabureta ni safi, na injini haijawahi kuwaka tena mpaka leo. Saa kumi na mbili ukipita pale utamkuta ameketi juu ya ndoo, mlango wa gereji wazi, kiti cha mama amekisogeza dirishani, anasikiliza kona.