Blanketi la Wavuni

Kazi ya Rabia ilijulikana. Kila ilipokaribia siku ya mawindo, alilianika blanketi la baba yake juani, akalikunja, kisha akalifunga ndani ya ngozi ya mbuzi ili umande usilifikie. Baba yake, Adinani, alilinunua blanketi hilo kwa mshahara wake alipokuwa kibarua katika mashamba ya karanga ya Wazungu, kule Nachingwea. Sasa mashamba yale yalikuwa yamefungwa, na Adinani alikuwa amerudi kijijini kwake Lionja kulima mihogo yake.

Mwaka ule kipupwe kilikuja kibaya. Asubuhi nzima ukungu haukuondoka, na nguruwe waliingia mashambani wakafukua mihogo bila hata kuona haya. Wanaume wakakubaliana kutega nyavu. Eusebio, jirani yao Mkristo, angechukua nyama. Adinani na Waislamu wenzake walitaka mihogo yao tu.

Kuwinda kwa nyavu kuna namna yake. Wanaume huondoka alfajiri wakiwa wamevaa kaniki kuukuu, wakapita katika majani marefu yaliyojaa umande, na wanapofika wamelowa kama waliotoka mtoni. Hapo hugawana. Wengine huzunguka na mbwa kuwaswaga wanyama, na kwa zile mbio hawasikii baridi. Wengine huvua kaniki, hujifunika nguo kavu, kisha huketi nyuma ya wavu bila kujitikisa wala kukohoa. Adinani alikuwa mtu wa wavuni tangu ujana wake.

Mchana wa kuamkia mawindo, Rabia alilitundika blanketi uani, akaenda kucheza mdako na wenzake. Manyunyu yakaanza, naye mchezo ulikuwa umemnogea. Alipokumbuka na kukimbia nyumbani, nusu ya blanketi ilikuwa imelowa.

Angeweza kumwambia mama yake, Mwamina, wakalikausha jikoni. Lakini juzi tu alikuwa amekaripiwa kwa kuwaachia mbuzi wakala mtama, na hakutaka kusikia maneno tena. Alilikunja upande mbichi ukae ndani, upande mkavu nje, akalifunga kwenye ngozi.

Alfajiri baba yake alipapasa juu ya lile furushi. "Kavu?" akauliza.

"Kavu, baba."

Adinani akaliweka begani, akaondoka.

Jua halikutoka siku ile. Rabia alimenya mihogo, akajikata kidole, akamenya tena. Wanaume waliporudi, Eusebio alikuwa amemshika Adinani kwapani, na Adinani alitetemeka mpaka meno yakagongana.

"Alifungua blanketi akakuta bichi," Eusebio alimweleza Mwamina. "Lakini mbwa walikuwa wameshaanza kubweka. Angeondoka, nguruwe wote wangepita pale pake. Akakaa hivyo hivyo, na upepo ule."

Kesho yake kichomi kikamshika. Kila alipovuta pumzi alishika ubavu. Walimbeba kwenye machela hadi zahanati, naye dada yake, shangazi Zaina, akaenda kumwuguza. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni mbele ya majirani.

"Wifi, mume anakwenda wavuni na nguo mbichi, wewe unatazama tu? Wewe baki hapa. Kaka yangu nitamwuguza mimi. Akipona, tutasema na wazee wako wa kwenu kule Kiegei waje wakuchukue."

Mwamina alidhani labda kweli kosa ni lake kwa kutolikagua lile blanketi. Rabia alisikia yote. Aliogopa baba atakufa, aliogopa mama atafukuzwa, na bado aliogopa kusema.

Alichukuliwa na shangazi ili akamsaidie kuteka maji. Baba alichomwa sindano nyingi. Alikonda, macho yakaingia ndani. Siku aliyoweza kuketi na kunywa uji, Rabia alipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, si mama. Ni mimi. Lilinyeshewa nikiwa nacheza, nikaficha upande mbichi ndani."

Adinani aliweka kikombe chini. Alimtazama Rabia usoni, naye akaona afadhali angepigwa.

"Manyunyu hukuyaleta wewe," alisema, akipumzika kati ya maneno. "Na kusahau, kila mtu husahau. Lakini nilikuuliza. Ungesema bichi, ningemwambia Eusebio achukue nguo kavu akae wavuni badala yangu, mimi nikaenda na mbwa. Mtu anayekimbia, nguo mbichi haimdhuru sana. Anayeumia ni yule anayeketi na unyevu mwilini. Mimi niliketi kwa sababu nilikuamini."

Alikohoa, kisha akaendelea. "Mtu akikuuliza jambo analotaka kulitegemea, mwambie lilivyo, hata kama utakaripiwa. Makaripio yataisha jioni ile ile. Haya, nenda kamwambie shangazi yako. Mimi sitakusemea."

Shangazi Zaina alikuwa uani mwa zahanati akikoroga ugali. Rabia alimweleza yote huku machozi yakimtoka. Shangazi aliacha kukoroga, akakaa akiutazama moto mpaka ugali ukaungua.

Waliporudi Lionja, dresa wa zahanati alikuwa ameshamwonya Adinani kwamba kifua chake hakitastahimili tena umande wala kuketi wavuni. Shangazi Zaina hakupitia nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwamina, akaketi chini kwenye mkeka. "Wifi, Rabia amekiri kuwa yeye ndiye aliyelikunja blanketi bichi. Nilikuaibisha bure mbele za watu. Nisamehe. Na hao majirani nitawaambia mwenyewe, kama nilivyosema mbele yao mwanzo." Mwamina akampa mkono.

Shangazi alipokwenda zake, Rabia alibaki na mama yake. Alitazamia fimbo. Mwamina hakuitafuta fimbo.

"Ulisikia nilivyotukanwa pale mlangoni," alisema. "Ulikuwa umesimama karibu yangu. Kwa nini uliniacha, mwanangu?"

Rabia aliketi chini kwenye mkeka, pale pale shangazi alipokuwa ameketi.