Galoni za Maziwa za Shemasi Karaha

Jumamosi ile asubuhi nyumba ya Shemasi Karaha ilikuwa imetulia. Rakeli, mkewe, alikuwa na siku yake ya mapumziko kutoka katika makao ya wazee anakofanya kazi. Maziwa yalikuwa motoni. Isaro, binti yao wa miaka kumi na mitano, alikuwa akijaribu viatu vya mbio, kwa maana shule ilikuwa imemchagua katika timu. Karaha mwenyewe alikuwa akifanya kazi aliyoipenda. Aliosha galoni tupu za maziwa, akazifuta kwa kitambaa, akazitia tatu tatu katika mfuko mpya wa plastiki, kisha akafunga fundo la kukaza.

Ndugu msomaji, usimcheke shemasi. Alikozaliwa, katika nyanda za juu za Kivu Kusini, chombo cha maziwa kina heshima yake. Hakiachwi ovyo wala hakigusani na uchafu. Mtu aliyelelewa hivyo haoni galoni ya maziwa kama ganda la ndizi.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Dombrowski, msimamizi wa nyumba. Hakuketi. Alimpa Karaha barua, akaondoka.

Isaro aliisoma, akaifasiri polepole. "Pipa la kijani limekataliwa mara tatu. Likikataliwa tena Alhamisi, mkataba wetu haufanywi upya. Mwisho wa mwezi tunatoka."

Rakeli akazima jiko. Neno hilo "tunatoka" alilijua.

Familia hii ilifikia kwanza Louisville, kwa Nkusi, kaka mkubwa wa Karaha. Nkusi ndiye aliyewafundisha Amerika: benki, basi, na taka. Wakahamia Columbus, upande wa Hilliard. Huko taka zao zilileta malalamiko hadi wakanyimwa mkataba, na ukoo mzima ukasema ni wivu wa majirani. Isaro akaacha shule katikati ya mwaka. Akalia kwa siku nyingi, na Rakeli, aliyejua kosa lilipo, akanyamaza. Sasa walikuwa Buffalo, mtaa wa Lower West Side, na kosa lilikuwa limewafuata kama mbwa amfuatavyo bwana wake.

Columbus, pipa la bluu lilikuwa la vitu vya kurejelezwa, vile vinavyoundwa upya kiwandani. Buffalo, bluu ni la taka za kawaida, na kijani ndilo la kurejeleza. Karaha hakuuliza mtu. Aliendelea na bluu yake ya Columbus, na mara mbili karatasi nyekundu ya kukataliwa ikabandikwa kwenye pipa la kijani lililojaa maganda na mifupa. Alipokubali kubadili rangi, ikabandikwa ya tatu. Hapo akaapa kwamba anachukiwa.

"Si chuki," alisema Rakeli. "Ni ile mifuko."

"Mama Isaro, bon, tumuulize mukubwa." Karaha akampigia Nkusi na kuweka simu mezani, sauti juu.

"Mudogo wangu, usikuwe na woga," Nkusi alisema kutoka Louisville. "Amerika ni moja. Funga muzuri ndani ya sashe, ile mifuko ya plastiki, waone weye ni mutu musafi. Huku hakuna mutu alishatusemesha."

Rakeli akainama karibu na simu. "Shemeji, huko kwenu pipa ya kurejeleza iko na rangi gani?"

Kisha ikasikika sauti ya Vestine, mke wa Nkusi, ikicheka nyuma. "Weye Nkusi, sema ukweli! Shemeji Rakeli, toka tuhamie apartema hatuna pipa! Yote tunatupa ndani ya ile kasha kubwa ya chuma, na galoni, na mifupa, na kiatu! Miaka inne sasa!"

"Wanawake ya kwetu muko na kinywa," alisema Nkusi, na simu ikakatika.

Mtu angedhani jambo limekwisha. Halikuisha. Isaro alileta karatasi ya manispaa yenye picha, akaiweka mbele ya babake. Mfuko wa plastiki ulikuwa umechorwa msalaba mwekundu, kwa kuwa mifuko hujisokota kwenye mashine za kuchambulia na kuzisimamisha.

"Mimi nafundisha watu mia mbili Neno la Mungu," alisema Karaha. "Leo mutoto anifundishe takataka?"

Isaro akajibu jambo kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Kisha akalirudia kwa Kiswahili ili asikike. "Papa, si mimi nafundisha. Ni picha."

"Mukubwa ni mukubwa," alisema Karaha, akafunga fundo jingine.

Jumatano alasiri wanakwaya walianza kufika nyumbani kwao kwa mazoezi. Pipa la kijani lilikuwa limekwisha kusukumwa ukingoni mwa barabara, tayari kwa gari la kesho. Rakeli alilifungua. Mifuko sita ilikuwa ndani, imefungwa vizuri kama zawadi za arusi.

Alilikamata pipa kwa mikono miwili, akalipindua.

Mifuko yenye galoni na makopo ikamwagika njiani kwa kishindo. Wanakwaya wakasimama. Teopista, jirani wa ghorofani aliyekulia kambini Tanzania, akatoa kichwa dirishani.

"Mama Isaro!" Karaha alitoka mbio. "Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Aibu iko ndani ya sashe, Baba Isaro. Mimi naifungua tu." Akapasua mfuko wa kwanza kwa meno.

"Chombo ya maziwa haiguse uchafu! Mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Alinifundisha pia mutoto hahamishwi kila mwaka kama mbuzi ya kukopwa." Akapasua wa pili. "Maziwa tumekwisha kunywa. Hii ni plastiki ya Buffalo. Kama unataka kuiheshimu, ipeleke nyumbani, ulale nayo."

Mwanakwaya mmoja akashindwa kuzuia kicheko. Karaha akaamuru, "Rudisha vile vilikuwa!"

"Sirudishi."

Akalisema neno hilo wazi, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, na barabara nzima ikalisikia. Teopista akapaza sauti kutoka juu: "Shemasi, sisi wa juu hatujawahi kubandikwa karatasi. Hatufungi kitu mfukoni. Ungetuuliza tu!"

Isaro akashuka ngazi, akapiga magoti karibu na mamake. Wakaweka galoni moja moja pipani, uchi kama zilivyotoka dukani. Hakuna mwingine aliyesaidia.

Alhamisi gari la taka likaja. Likalinyanyua pipa, likalitua tupu. Hapakuwa na karatasi nyekundu, na Rakeli akalipiga pipa picha kwa simu.

Ijumaa Dombrowski akafika mikono mitupu. Alisema mwenye nyumba bado anafikiri. Labda ingefaa wahame tu. Karaha alitazama sakafu. Rakeli akachukua barua, akaweka kidole kwenye mstari, na kwa Kiingereza chake cha makao ya wazee akasema: "Soma hapa. 'Likikataliwa tena.' Halikukataliwa. Picha hii hapa. Wewe ndiye uliyeandika. Nenda ulete mkataba. Nitakungoja hapa mlangoni."

Akangoja amesimama. Kabla ya jioni mkataba ukaletwa, mwaka mmoja kamili, ukatiwa sahihi.

Jumapili akina mama wa kanisa walimwita Rakeli kando. Walimtaka aombe msamaha kwa kumvunjia shemasi heshima barabarani.

"Kwa kunyamaza Columbus nimeomba Mungu msamaha," aliwajibu. "Kwa sashe siombi."

Kwaya ilihamishia mazoezi kwingine. Karaha alikaa majuma mawili bila kumsemesha mkewe. Lakini kila Jumatano anasukuma pipa ukingoni, na ndani yake hamna mfuko hata mmoja.

FUNZO

Ndugu zangu, kila mji una sheria yake, na sheria ya taka haihami pamoja na begi lako. Ukihamia mahali, waulize wanaoishi hapo, usimuulize aliye mbali kwa kuwa ni mkubwa. Umri wa kaka yako hausomi picha iliyobandikwa kwenye pipa lako. Kiburi cha kutouliza kimewatoa watu wetu katika nyumba nyingi, nasi tukakiita wivu wa majirani. Na wewe mama unayejua kosa lilipo lakini unanyamaza ili usionekane mkaidi: mwanao ndiye anayelipia kimya chako. Lipindue pipa hilo, hata kama kwaya nzima inatazama.