Kona Ambayo Haikukaguliwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla magari hayajawashwa, Kiroboto na mama yake walikagua kingo za uwanja wa mashindano ya magari. Jina hilo binti alipewa na mjomba wake, kwa kuwa hakujua kutulia. Mama alikuwa msimamizi wa usalama. Yeye alishika upande mmoja. Binti yake wa miaka kumi na miwili alipita upande wa pili, akivutavuta mikanda iliyofunga matairi chakavu mbele ya ukuta wa mawe.

Siku hiyo mjomba alikuwa analeta gari jipya la mbio. Kiroboto aliposikia lori likiingia, alikuwa amebakiza kona ya mwisho. Akaitupia jicho kwa mbali, akageuka, akatimua mbio.

"Mikanda yote imekaza?" mama aliuliza.

"Yote, mama."

Gari lilikuwa jekundu, limelala chini kama kenge. Mjomba akavaa kofia ngumu. "Leo utaona vumbi tu, mpwa wangu!" Akaondoka kulijaribu.

Mama, redio mkononi, alikunja uso. "Uwanja huu ulijengwa bibi yako akiwa msichana. Magari ya wakati ule yalifika kona ya mwisho yakihema. Hili litafika kwa mwendo mara mbili ya ule. Breki zikikataa, kinga yake ni yale matairi tu."

Kiroboto akamshika mama mkono. Mngurumo ulikuwa unakaribia.

"Mama, msimamishe! Kona ya mwisho sikuikagua. Nimekudanganya!"

Mama hakuuliza la pili. "Bendera nyekundu!" alipaza sauti redioni. "Msimamisheni!"

Bendera ikapepea. Magurudumu yakalia, moshi ukatanda, gari likayumba kushoto, likayumba kulia, likasimama hatua chache kabla ya kona.

Walipofika, walikuta mikanda mitatu imekatika. Matairi yalikuwa yameporomoka, jiwe la ukuta liko wazi. Mjomba aliligusa kwa kiganja. Safari hii hakuwa na utani.

"Nisamehe, mjomba," Kiroboto alisema huku akilia.

"Hakuna gari litakalokimbia hapa mpaka tuongeze safu mbili za matairi," mama alisema. Kisha akamshika binti yake bega. "Kukagua ni kazi yangu. Kukuachia peke yako ni kosa langu, nami nitaliandika kwenye ripoti. Kosa lako ni lile neno 'yote'. Lakini uliona aibu, na bado ukasema kweli. Aibu haiui, mwanangu. Uongo wako ungetupeleka makaburini leo."