Mwanamke Chini ya Magitaa

Kamba ya kiatu chake ilikatika katikati ya jengo la maduka, saa ambayo watu wanapigana vikumbo, na msusi akajitosa kwenye kibanda cha kwanza chenye bango la KANDAMBILI.

"Naomba nyekundu, namba thelathini na nane," alisema huku akihema.

Kaka wa nyuma ya meza, shati jeupe limenyooshwa pasi hadi linakata, alizitazama kuta zake zilizojaa kanda za kaseti. "Dada, za kwangu huvaliwa masikioni."

Kumbe Kandambili lilikuwa jina lake la utani. Kazi yake ilikuwa kuhamisha nyimbo za zamani kutoka kwenye kanda na kuziingiza kwenye simu. Msusi alicheka hadi akasahau mguu, naye fundi akamfungia kiatu kwa waya wa spika.

Mapenzi yakakolea. Mchana waligawana spika za masikioni, moja sikioni mwake, moja sikioni mwa mwenzake, wakisikiliza roki ya enzi za wazazi wao.

"Mrembo, nimekupatia mpiga gitaa analia kuliko wewe."

"Mimi nimelia lini?"

"Subiri nikuoe."

Ndipo msusi akamkabidhi kanda yake. Ilikuwa na wimbo mmoja wa roki, na chini ya magitaa alisikika mwanamke akiimba kwa mbali. Huyo alikuwa mama yake, aliyefariki msusi akiwa na miezi minne. Mama mdogo aliyemlea ndiye aliyempa kanda hiyo alipofika miaka sita. Hakuwa na kitu kingine cha mama yake, na siri hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Hata kwa fundi alisema tu, "Mpenzi, utengeneze usikike vizuri."

Wiki iliyofuata alikwenda na gauni la njano, amejipulizia manukato. Wimbo ulianza, ngoma zinagonga safi kama zimepigwa leo. Kiitikio kikafika. Mwanamke hayupo.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanamke! Alikuwa anaimba hapa!"

"Aa, yule? Ile ilikuwa kelele, mpenzi. Saa tatu nzima nimehangaika kumfuta." Alitabasamu, akisubiri sifa.

Msusi alinyoosha mkono. "Kanda yangu iko wapi?"

"Imekatikakatika ikimalizia. Ilishaoza ile."

"Umemfuta mama yangu," alisema taratibu, akaondoka huku watu wakimpisha.

Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi, saluni imejaa wateja, Kandambili akaingia na spika kwapani, shati limekunjamana.

"Toka."

"Nitatoka. Nipe dakika tatu tu. Nikisafisha wimbo, uchafu siutupi. Nauhifadhi peke yake, ili mteja mbishi asikie nilichotoa. Mama yako yumo humo."

"Umemsikiliza?"

"Hapana. Niliona si haki nianze mimi."

"Hebu msikilize, dada," alisema mteja aliyesukwa nusu kichwa. "Mimi nitakwenda wapi hivi?"

Fundi akabonyeza. Mikwaruzo ilitangulia, kisha ikaja sauti ya mwanamke, bila gitaa la kuifunika. Aliimba, akakosea maneno, akacheka kupitia puani. Kicheko kile msusi alikijua. Alikisikia Jumapili iliyopita, mezani.

Kisha sauti ikasema, "Lala basi, mwanangu. Mama mdogo amechoka."

Kitana kilimdondoka.

"Rudisha."

Alirudisha. Maneno yalikuwa yale yale.

"Nimeharibu tena?" Kandambili aliuliza, uso umemshuka. Msusi alikuwa keshapiga simu.

"Mama mdogo, kwenye kanda ile ni wewe."

"Nani kakuambia?"

"Umejitaja mwenyewe."

"Uliniuliza mama yako alikuwa na sauti gani," mama mdogo alisema, akilia sasa. "Ningekujibu nini? Dada hakuacha sauti popote. Mimi nilikuwa narekodi wimbo redioni, wewe mchanga mikononi mwangu, mashine ikanichukua na mimi. Nikasema ni yeye. Nilidhani magitaa yatanificha."

Msusi aliketi kwenye kiti cha wateja. Sauti ya mama yake haikuwepo, na haikuwahi kuwepo. Ilimuuma kama amefiwa asubuhi hiyo. Na yule aliyemlilia siku tisa alikuwa hai, sikioni mwake, akipenga kamasi.

"Nisamehe, mwanangu."

Kandambili alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni, spika kaikumbatia. Msusi akamdaka shati kwa mkono uliokuwa huru na kulishikilia.

"Mama," alisema, na neno mdogo hakulitia. "Acha kulia, unanisikia? Jumapili nakuja na mwanaume. Huyu ndiye aliyekufumania."